Usimnyime chapati kabla hajapimwa

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Kwa muda mrefu sasa tumbo lake limejaa, choo ni kingi, cha rangi ya kufifia na kinanuka vibaya, na mdogo wake wa miaka minne anamkaribia kwa kimo. Damu iko chini, dawa ya kuongeza damu anakunywa lakini haipandi. Ya minyoo ameshapewa. Dada yangu aliyeko Italia anasema huko watoto wanapimwa siliaki, ugonjwa wa ngano, akanishauri niache kumpa ngano. Nimeacha wiki iliyopita. Mama mkwe anasema kosa ni langu: nilimwachisha ziwa mapema na kumwanzishia uji wa ngano. Ni kweli? Na huu si ugonjwa wa Wazungu?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mrudishie chapati yake leo jioni. Nasema hivyo kwa kuwa hukutaja kuvimba midomo wala kubanwa pumzi akila ngano. Huo ungekuwa mzio, na mwenye mzio harudishiwi.

Siliaki ni mwili kujishambulia wenyewe. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano), ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inauchubua ukuta wa utumbo, na chakula kinapita bila kufyonzwa. Damu haipandi hata ukimnywesha chupa nzima ya dawa. Kipimo hutafuta kingamwili, yaani askari wa kinga ndani ya damu, zinazotengenezwa wakati gluteni inaingia. Ukikata ngano zinashuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yanaweza kusema hana wakati anao. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu ale gluteni kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki sita angalau kabla ya kupimwa. Wewe umeacha wiki moja tu, hujaharibu kitu.

Mpeleke kwa daktari wa watoto, umwombe vipimo viwili kwa damu ileile: kingamwili za IgA (aina mojawapo ya kingamwili) dhidi ya transglutaminezi, protini ya mwili wenyewe, na IgA ya jumla. Hicho cha pili ndicho husahaulika. Kuna watoto ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza kitatoka safi bure. Maabara za mtaani huenda hazinacho. Uliza kama sampuli inaweza kupelekwa maabara kubwa. Na usiondoke hapo bila mwanao kuangaliwa giardia (vijidudu vya utumboni), kifua kikuu, VVU na selimundu. Kwetu hayo yanaonekana zaidi, na mengine yanafanana na siliaki sana.

Zamani hapakuwa na njia ila kamera kuingizwa hadi utumboni na kukata kipande kidogo cha ukuta wake kikapimwe. Tangu 2020, madaktari wa Ulaya wa matumbo ya watoto wanakubali kuiacha ikiwa kingamwili zimefika mara kumi ya kiwango cha kawaida au zaidi, na sampuli ya pili ya damu ikathibitisha kwa kipimo kingine cha kingamwili, kiitwacho cha endomisiamu. Asiyefika hapo bado anahitaji kamera.

Dada yako hajakosea kuhusu Italia. Septemba 2023 walipitisha sheria ya kuwapima watoto siliaki pamoja na kisukari cha aina ya kwanza, hata wasio na dalili. Alichokosea ni kukuambia ukate ngano kwanza.

Sasa mama mkwe. Mwaka 2014 zilichapishwa tafiti mbili kubwa za watoto wa Ulaya waliozaliwa kwenye familia zenye ugonjwa huu. Mmoja ulijaribu kuwaonjesha gluteni kidogo tangu miezi minne. Mwingine ulilinganisha kuanza miezi sita na kuanza miezi kumi na miwili. Kuchelewesha kulichelewesha ugonjwa tu, hakukuuzuia. Na kunyonya hakukuonekana kuwakinga. Ziwa lina faida zake tele, lakini kwa hili huna kesi. Mwambie mama kwa adabu kwamba ugonjwa huu unahitaji vinasaba fulani, na vinasaba vina pande mbili, ukiwemo upande wake.

Kuhusu Wazungu: mwaka 1999 watafiti walieleza kuwa kati ya watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, 5.6% walikuwa na siliaki. Kiwango cha dunia ni kama 1%. Waafrika hao!

Akikutwa nao, dawa ni chakula, maisha yote. Kuna kidonge kilichotoa matokeo mazuri kwa watu wazima mwaka 2021, lakini usikisubiri. Pwani tuna bahati: wali, ugali, muhogo, ndizi, viazi, samaki, vitumbua na mkate wa kumimina wa unga wa mchele. Bokoboko, tambi, sambusa na mahamri atayaaga. Linalonitia wasiwasi ni unga wa lishe. Watu wanachanganya mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano, wanauita lishe, na mama anampa mtoto mgonjwa ili anenepe! Saga wako, tena si kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano muda huohuo. Muhogo uliokaangwa kwenye mafuta ya maandazi usimpe. Shuleni mfungie chakula chake, umweleze mwalimu kwamba kipande kimoja cha mkate cha rafiki kinatosha kumrudisha nyuma.

Na yule mdogo anayemkaribia kaka yake kwa kimo: kaka akikutwa na siliaki, naye apimwe, hata kama ananenepa. Wewe na baba yao vilevile.