Siku moja Lisbon na shemeji

Kaka, umeuliza kama siku moja Lisbon inawatosha wewe na shemeji. Inatosha, ila mwambie avae raba. Vilima vya kule na mawe yale yanayoteleza havina huruma na visigino. Asubuhi anzeni Alfama, mtaa ambao sehemu yake kubwa ilisalimika kwenye tetemeko la 1755. Vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa madirishani, mtadhani mko Mji Mkongwe. Poteeni humo makusudi, mmeshikana mikono, ramani ikae mfukoni. Mchana miguu ikichoka, pandeni tramu mpaka mtaa wa Belém. Kaburi la Vasco da Gama, huyu huyu aliyetia nanga Malindi 1498, liko huko, kwenye kanisa la monasteri ya Jerónimos. Shemeji akinuna kwamba umemleta fungate kutazama makaburi, mnunulie vile vikeki vya kastadi, vya moto, mdalasini juu.