Ukuta wa uzio nao unaombewa kibali

"Dada, hivi na ukuta wa uzio unaombewa kibali?" Ameniuliza juzi msomaji wa Mbezi ambaye fundi wake ameshaanza kuchimba msingi. Ndiyo, unaombewa. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, eneo likishapangwa huendelezi kiwanja bila ridhaa ya halmashauri, na ukuta ni uendelezaji kama nyumba yenyewe.

Wa kwangu uko Kigamboni, umesimama mpaka kapingi, ile zege ya kufunika juu, na kibali chake kiko kwenye faili. Niacheni nijisifu kidogo, maana nilisemwa sana. Nilipomwambia fundi asubiri, alicheka: "Mama, huo ni ukuta tu, siyo ghorofa." Shemeji naye akaandika kwenye grupu la familia kwamba nina hela ya kuchezea maofisini huku wezi wananipigia hodi. Fundi akaenda kazi nyingine, tofali zangu za inchi sita zikamezwa na majani.

Mimi nilianza na bikoni, yale mawe ya mpimaji kwenye kona za kiwanja, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza: tafuta bikoni. Moja ilikuwa haionekani, nikamlipa mpimaji aliyesajiliwa airejeshe kwa kufuata ramani ya upimaji. Ikaangukia ng'ambo ya michongoma ya jirani! Hapo ndipo penye kidonda. Mtu tuliyekuwa tunapelekeana futari aliniita dhalimu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ramani iko mezani. Mwenyekiti akaisoma, akatuonyesha kwa kidole, michongoma ikang'olewa. Mpaka leo nikimsalimia haitikii. Inaniuma, lakini sikumwachia ardhi ninayoilipia kodi kila mwaka.

Ya halmashauri sitayarefusha. Nilipeleka nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi na mchoro wa ukuta unaoonyesha kimo, geti na maji ya mvua yanakopita. Malipo ni kwa kontroli namba, si mkononi mwa mtu. Afisa alikuja kuangalia kiwanja, akataka geti lifungukie ndani. Nikarekebisha mchoro.

Balaa lenyewe liko barabarani. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipa barabara kuu na ya mkoa hifadhi, yaani eneo lake lisilojengwa, ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani zilikuwa 22.5. Ndiyo maana kuna X mbili zinazopigwa rangi kwenye kuta za kubomolewa. Ya kijani maana yake barabara imekufuata ukiwa umeshajenga, una fidia. Nyekundu umeifuata wewe, hulipwi kitu. Shemeji wangu ana nyekundu. Simcheki. Haya, namcheka kidogo.

Wala usikariri hizo 30 ukadhani ni za kila mahali. Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba za watu zilishushwa pale. Hata jengo la TANESCO, shirika la umeme, la Ubungo halikusalimika. Sasa ukuta wako wewe ni nani?

Tatizo letu tunalia siku ya bomoabomoa, siku ya kuchimba msingi hatuulizi. Tunatoa hela ya soda tukidhani tumemaliza, halafu tunaiita serikali katili. Soda haifuti X, ndugu zangu. Ulizeni! Tafuteni bikoni!

Wewe wa Mbezi, simamisha kazi leo. Kama kiwanja hakijapimwa, ita majirani wa mipaka yote, muandikishane ofisi ya serikali ya mtaa, kisha uliza halmashauri urasimishaji wa eneo lenu, yaani kupimwa na kupewa hati, umefika wapi. Na huyo fundi akisema ukuta ni ukuta tu, mpe karatasi atie sahihi kwamba ukibomolewa atakujengea mwingine kwa hela yake.