Nilifunga Kwaresima yote, nikajinunulia viatu

Juzi dada mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nilijipangia kufunga Kwaresima nzima, mlo mmoja kwa siku. Ijumaa ya kwanza tu nimekula mishkaki kwenye besidei ya mfanyakazi mwenzangu, nilisahau kabisa kama ni Ijumaa. Nianze kuhesabu upya au ndio nimeshaharibu?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mwaka jana mimi mishkaki sikula.

Sitaki kujisifu, ila niambieni mnamjua nani aliyeanza Jumatano ya Majivu, Machi 5, akafika Alhamisi Kuu hajaonja chakula cha mchana hata siku moja ya kazi. Mchana maji, jioni mlo mmoja. Jumapili tu ndiyo nilikula kama watu, maana Jumapili hazimo katika zile siku 40. Nilipungua kilo saba. Mkanda niliutoboa tundu jipya kwa msumari. Na ndiyo Kwaresima mbaya kuliko zote tangu nipate kipaimara.

Ilianza kuharibika siku ileile ya kwanza. Nilipaka majivu misa ya alfajiri nikapanda mwendokasi Kimara, na njia nzima hadi Kivukoni nilikuwa nalinda paji la uso kama mtu aliyebeba mayai. Jasho likitaka kushuka naligusa kwa leso pembenipembeni, msalaba usifutike. Nilitaka ofisini wauone. Na injili tuliyosomewa asubuhi hiyohiyo ni Mathayo 6: "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso." Nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na siku hiyo niliisikia tena, nikatoka nje kulinda jivu langu.

Kuna mama ntilie nyuma ya ofisi yetu ambaye amenilisha miaka sita. Wali maharage na mchicha, 2,500, na akiwa na furaha anakuongezea kipande cha parachichi. Nilimkata ghafla bila neno. Wiki ya pili akanisimamisha njiani: "Kaka, nimekukosea nini? Kama ni lile jiwe kwenye wali, nisamehe." Mtu mwenye akili angemwambia hapana mama, nimefunga. Mimi nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na waliokaa kwenye benchi, kwamba sisi wengine mwezi huu tunautiisha mwili. Walikuwa wanakula. Mmoja akaweka kijiko chini.

Ijumaa baada ya Majivu husomwa Isaya 58. Watu wanamuuliza Mungu, mbona tumefunga na huoni? Anawajibu kwamba siku ya kufunga kwenu mnafuata anasa zenu, mnawalemea wafanyakazi wenu, mnafunga ili mgombane. Nilikuwepo kanisani, Njia ya Msalaba ilikuwa inafuata. Unajua niliwaza nini? Niliwaza bosi wangu angekuwepo asikie.

Nyumbani sasa. Njaa ya saa kumi na mbili jioni, ukiwa umesimama kwenye foleni ya mwendokasi saa nzima, inakuja na mdomo wake. Nikifika, chakula kikiwa bado jikoni, nagombana. Chumvi ikizidi, nagombana. Mtoto akidondosha kikombe, nagombana. Mke wangu alivumilia mpaka wiki ya tatu, akaniambia taratibu huku anapepeta mchele: "Baba Agi, unafunga wewe, lakini Kwaresima tunaipata sisi." Lile neno liliniuma. Linaniuma mpaka leo, na nimemwambia kwamba linaniuma. Naye kasema ndiyo maana alilisema.

Mwaka jana Ramadhani na Kwaresima zilikwenda pamoja, kama mwaka huu. Tunaishi nyumba ya kupanga, familia nne, uani kisima kimoja. Jirani yetu Baba Zuhura ni dereva wa daladala. Anafunga kutwa nzima kwenye lile joto la Machi, abiria wanamtukana, trafiki wanamsimamisha, na sikuwahi kumsikia akisema amefunga. Adhana ya magharibi ikishaita, haipiti muda binti yao anakuja mlangoni kwetu na bakuli la bluu lililofunikwa sahani. Magimbi ya nazi, au tambi zenye iliki, au mihogo iliyopondeka kidogo pembeni vile ninavyoipenda mimi. Watoto wangu walilisubiri lile bakuli kuliko mimi baba yao.

Jioni moja nikafungua mlango mimi. Sijui shetani gani alinituma. Nikamwambia yule mtoto: "Waambie nyumbani tunashukuru, lakini na sisi tuna mfungo wetu." Akaondoka na bakuli limejaa, anatembea polepole lisimwagike. Kesho yake halikuja. Halikuja tena mwezi wote. Bakuli la siku ya nyuma yake lilikuwa bado juu ya friji yetu, tupu, na mke wangu akaona haya kulirudisha. Sote tunajua chombo cha jirani hakirudi kitupu, na sasa angekitia nini, na angesema nini?

Pasaka inakaribia, nikapiga hesabu. Hadi Ijumaa ya kuelekea Matawi zilikuwa siku 25 za kazi, nimeshatoa sikukuu za Idi na siku ya Karume. Mara 2,500 ni 62,500. Jumamosi nikaenda Kariakoo nikanunua viatu vya kahawia, 60,000 baada ya kupatana. Vya Pasaka. Nilivipenda sana, na bado navipenda.

Jumanne ya Wiki Kuu nilikwenda kuungama pale Mtakatifu Yosefu, kando ya bandari, muda wa chakula cha mchana ambao sikuwa na kazi nao. Nikaungama majivuno, kwa namna ya majivuno: padri, nimefunga siku zote hizi, lakini nahisi nimejivuna kidogo. Padri alikuwa mzee, akauliza pesa ya chakula imekwenda wapi. Nikamtajia viatu. Kimya. Akauliza kama kuna mtu nimemkosea. Nikaanza na mama ntilie, nikaja kwa mke wangu, nikafika kwa bakuli, na hapo sauti ikakataa. Akangoja. Kisha akauliza: "Na hilo bakuli umelirudisha?"

Kitubio changu kilikuwa hicho. Kalirudishe mwenyewe, usimtume mkeo.

Ndugu zangu, sikilizeni. Kufunga si kushindana na tumbo. Tumbo utalishinda, mimi nililishinda, na sikupata kitu. Yoeli anasema rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu. Petro Krisologo, askofu wa Ravenna karne ya 5, alihubiri kwamba anayesali afunge, na anayefunga ahurumie, ukivitenganisha huna kitu. Kile unachojinyima lazima kiwe na mahali kinakwenda. Kama umeacha soda, ile hela ya soda iko wapi? Kama umeacha nyama Ijumaa ukala kamba wa elfu ishirini, umejinyima nini? Na funga kimya. Usiweke picha ya majivu kwenye hali ya WhatsApp. Kimya, nasema tena, kimya.

Na wenye vidonda vya tumbo, wenye sukari, wajawazito, wanaonyonyesha: kuleni. Njaa itawafunulia nini zaidi ya kulazwa? Funga maneno, funga simu, funga kusema watu kwenye jumuiya baada ya sala, ambako nadhani ndiko Kwaresima inakofia.

Sasa dada wa Mbagala, nisije nikakusahau. Kanisa linadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili na mingine miwili midogo. Kutokula nyama ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Mengine yote umejiongezea mwenyewe kwa mapenzi. Na kusahau si dhambi. Usianze kuhesabu upya, Mungu hana daftari la mishkaki. Ila nikuulize na mimi: zile siku mbili tatu ulizofaulu, pesa ya mchana iko wapi?

Alhamisi Kuu nilitia kwenye lile bakuli sukari kilo mbili na pakiti ya tambi, nikabisha hodi kwa Baba Zuhura. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima. Akalipokea, akafunua, akaniangalia. "Kumbe lipo! Sisi tulijua mmelivunja mnaogopa kusema." Akamwita mkewe aje alione. Hotuba yangu sikuitoa.

Mwaka huu, Ijumaa hiyohiyo dada yetu anakula mishkaki, bakuli lilikuja na viazi vya nyama. Wadogo wakala. Agi katimiza miaka 14 Januari, akaniangalia na kijiko mkononi. Nikamwambia akamuulize mama yake.

Lipo hapa mezani ninapoandika. Limeoshwa, nangoja visheti vipoe nivitie.