Unakojoa damu ughaibuni? Mtajie daktari maji uliyoogelea

Wiki iliyopita kijana wa Kisauni aliyeko Ujerumani kusomea uuguzi aliniandikia: "Dada, nikimaliza haja ndogo natoka damu. Daktari anataka kunitia kamera kwenye kibofu, asema huenda ni saratani. Nikubali?" Nilimjibu faraghani, na kwa ruhusa yake namjibu tena hapa, kwa sababu nusu yenu mnaonisoma mna pasipoti mkononi, na nusu nyingine mwaitafuta.

Kamera kubali, mdogo wangu. Lakini kwanza mwulize daktari kama amefikiria kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopenya ngozi ukiwa kwenye maji ya mto au bwawa, na umtajie mto au bwawa uliloogelea utotoni. Usipolitaja, yeye atalijulia wapi?

Mimi ni wa Likoni, ila likizo zote za shule nilizimalizia kwa nyanya, Kwale bara. Kulikuwa na bwawa. Tulifua humo, tukaoga humo, tukapiga mbizi mpaka macho yakawa mekundu. Wavulana waliokojoa damu walichekwa tu, hakuna aliyepelekwa zahanati. Nilipofika Ujerumani kutunza wazee, kazi iliyonijengea nyumba Bombolulu (wacheni waseme), bwawa lile lilikuwa limenitoka kabisa kichwani. Minyoo wake hawakuwa wamenitoka mwilini. Wanaishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume na jike wamekumbatiana, kwa kawaida miaka 3 hadi 10, na wengine wamekutwa hai baada ya miongo. Mayai yao ndiyo yanayotesa: hukwama kwenye nyama ya kibofu, na kwa sisi wanawake hata kwenye shingo ya kizazi.

Kwangu kulianza na maumivu chini ya kitovu, kisha uchafu usiokoma, kisha damu kila nikikutana na mume wangu. Nikapewa antibiotiki, zikaisha, nikapewa nyingine. Halafu daktari akageukia maswali ya wanaume: wangapi, lini, kinga ulitumia? Kijerumani changu kilikuwa bado cha sokoni, kwa hiyo aliyenitafsiria alikuwa Mkenya mwenzangu. Jumapili iliyofuata tulipokutana Wakenya kunywa chai, nilipoketi, dada mmoja aliondoa kikombe chake karibu na changu. Wa pili naye akaondoa chake. Mume wangu alikuwa pembeni yangu, akaona. Mkiniuliza kama nimewasamehe, hilo nitaliandika siku nyingine.

Aliyeutambua ugonjwa wangu hana shahada hata moja. Ni mama mdogo, kwa simu: "Wewe si ulikuwa hutoki kwenye bwawa la nyanya yako? Hicho ni kichocho hicho, kapimwe." Nikarudi kwa daktari nikamtajia. Akatazama dari. Na mnyoo huyu, jamani, aliyemgundua ni Mjerumani, Theodor Bilharz, akiwa Cairo mwaka 1851! Lakini daktari anayeshinda akitibu mafua na shinikizo la damu hakutani na kichocho kila siku. Alinipeleka kwa wataalamu wa magonjwa ya tropiki kwa sababu nilikataa kuondoka kwenye kiti. Kuweni hivyo. Adabu zetu za pwani ni nzuri, ila kwa daktari zina kipimo chake.

Huko kwa wataalamu niliambiwa nipande na kushuka ngazi kidogo, halafu nikojoe mchana. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kujitikisa kidogo husaidia kuyatoa, kwa hiyo ule mkojo wa alfajiri unaopelekwa maabara huenda usionyeshe kitu. Wakauchuja, wakaniita kwenye hadubini. Niliona yai refu lenye mwiba mmoja kwenye ncha. Nililia kwa furaha, fundi wa maabara akabaki kunishangaa. Dada zangu, mkojo usipoonyesha yai msikubali kurudishwa nyumbani hivyo hivyo. Ombeni kipimo cha damu, na shingo ya kizazi itazamwe. Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana, wala kwa choo, wala kwa kikombe cha chai.

Dawa ni prazikwanteli. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo lazima upimwe uzani. Vidonge vikubwa, vina mistari ya kuvunjia, vichungu kama shubiri. Nilivimeza na wali, nikasikia kizunguzungu jioni, basi.

Sasa nisikilizeni kwa hili, kwa sababu naletewa kila mara: "Mimi nilikunywa dawa ya minyoo kabla ya kusafiri." Dawa ipi? Ile ya shuleni, albendazoli, inaua mchango na safura. Kichocho haikigusi. Hata wakimbizi waliohamia Marekani wakiwa wamepewa albendazoli peke yake kabla ya kupanda ndege, bado walihitaji kuangaliwa kichocho.

Kuna mnyoo mwingine mdogo zaidi, strongiloidi, anayeingia kwa miguu peku kwenye udongo. Yeye huzaliana humo humo mwilini bila kutoka, kwa hiyo hana mwisho. Wanajeshi waliotekwa na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia walikutwa naye miongo mingi baada ya kurudi kwao. Unaweza kuishi naye bila kuumwa, mpaka siku unapopewa dawa za steroidi, kwa pumu ama kwa viungo, kinga ikashuka, akasambaa mwili mzima na kuua. Ukiwa ughaibuni ukiandikiwa steroidi kama prednisoloni ama deksamethasoni, sema unakotoka, uombe upimwe huyu kwa damu. Kipimo cha kawaida cha choo humkosa mara nyingi. Tiba yake ni ivermektini.

Na anayekuonea haya, mwambie habari za kisiwa cha Corsica, Ufaransa. Mwaka 2013 watalii waliooga mto Cavu walipata kichocho bila kuwahi kukanyaga Afrika. Mto ulikuwa na konokono wanaolea vijidudu vya kichocho kabla havijamwingia mtu, ikatosha mwenye mnyoo kukojoa humo.

Kwa hiyo kijana wangu, ukishameza dawa, rudi upimwe mkojo tena baada ya miezi michache, na omba kibofu kipigwe picha ya mawimbi ya sauti. Kisha Desemba ukija nyumbani, kumbuka kwamba dawa inaua minyoo uliyo nayo, haikukingi na wapya. Bahari oga utakavyo, Nyali hata Shelly, kwenye chumvi hakuna kichocho. Ukienda bara, maji ya bwawani yachemshwe, ama yachotwe na kukaa siku mbili kwenye pipa lenye kifuniko kabla hujayaoga. Wachukue na wadogo zako mwende zahanati mchana, si asubuhi.