Muhuri wa duka ulivyonirudishia deni

Mwaka 2016 nilijitoa katika duka la vifaa vya ujenzi ambalo mimi na mwenzangu tulilifungua Mwanza kwa jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Tuligawana kilichokuwapo, tukapeana mikono, nami nikaamini kwamba yamekwisha. Miezi saba baadaye nililetewa barua ya wakili iliyonidai shilingi milioni 9, bei ya saruji ambayo mwenzangu aliichukua mali kauli baada ya mimi kuondoka. Nyuma ya barua ilibanwa nakala ya hati ya kupokelea mzigo, na juu ya saini yake uligongwa muhuri wa duka, ule ule niliouchongesha mwenyewe.

“Kaka, kusajili jina hakukukingi,” wakili wangu aliniambia. “Kunamwonyesha tu anayekudai mahali pa kukupata.”

Masharti ya ubia yamo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kila mbia ni wakala wa wenzake katika shughuli za kawaida za biashara, na mali ya ubia isipotosha kulipa deni, nyumba na akiba za wabia ndizo zinazofuata. Mdai anaweza kumbana mmoja wao kwa deni zima, kisha aliyelipa ndiye ahangaike kuwadai wenzake mafungu yao. Aliyejitoa naye huendelea kuwajibika kwa wale waliomjua kama mbia na hawakuarifiwa kwamba ameondoka. Mimi sikumwarifu hata mmoja, kwa hiyo nililipa milioni 5 kwa awamu. Ukijitoa, mwandikie kila msambazaji barua siku hiyo hiyo, agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na ubadilishe kumbukumbu za BRELA kabla hujaanza jambo jingine.

Baadaye nilisajili kampuni, ambayo kisheria ni mtu mwingine kabisa: ikifilisika, mwanahisa hadaiwi zaidi ya kile ambacho hajalipia katika hisa zake. Hata hivyo, nilipoomba mkopo benki, karatasi ya tatu kati ya zile nilizotakiwa kusaini ilikuwa dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa mwenyewe kampuni ikishindwa, na kwa saini hiyo moja nyumba yangu ikarudi pale pale ilipokuwa enzi za ubia. Isome karatasi hiyo nyumbani, si mbele ya dirisha la afisa mikopo, na uombe dhamana iwekewe kiwango cha mwisho.

Siku hizi mimi ndiye ninayekopesha bidhaa. Kabla ya kutoa mzigo kwa kampuni ninaomba taarifa zake BRELA, hasa rehani zilizosajiliwa juu ya mali zake, kwa sababu mwenye rehani hulipwa kwanza na sisi tusio na dhamana tunangojea masalio. Katika kesi ya Salomon iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1897, mwenye kampuni mwenyewe alikuwa na hati ya deni yenye dhamana dhidi ya kampuni yake, akawatangulia wadai wa kawaida, na majaji wa House of Lords, mahakama ya juu ya huko wakati ule, hawakuona kosa. Mwezi uliopita wakurugenzi wawili waliotaka rangi za milioni 6 kwa mkopo walikataa kunisainia dhamana binafsi. Niliwauzia za milioni 1, taslimu.