Kumshusha mgonjwa wa kiti cha magurudumu kwenye ukingo wa barabara

Swali: Mama mkwe wangu alipata kiharusi, upande wa kushoto umepooza. Namsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda mazoezini hapa Dar es Salaam. Juzi tukishuka ukingo wa barabara, magurudumu ya mbele yalitumbukia ghafla, nusura aanguke kifudifudi. Nimshusheje?

Jibu: Poleni sana, dada. Geuza kiti, mshushe kinyumenyume, wewe ukitangulia barabarani. Mkishuka kwa mbele, vikanyagio vinagonga lami, kiti kinakwama, na mama, ambaye hawezi kujizuia, anachomoka kitini.

Kwanza weka mkono wake wa kushoto mapajani. Mkono uliopooza huteleza ukaingia kwenye spoku mwenyewe asijue. Mguu nao uwe juu ya kikanyagio, na mkanda kama upo ufungwe. Viti vingine vina vigurudumu vidogo nyuma vya kuzuia kupinduka. Vikunje juu au uvichomoe, la sivyo vitatangulia kugusa lami na magurudumu makubwa yatabaki yananing'inia. Vuta pia ile mipira ya vishikio. Ikizunguka au kuchomoka mkononi, itengenezwe kabla hamjatoka nyumbani.

Sasa tazama nyuma yako: gari, bodaboda, na hasa mtaro usio na mfuniko. Mwambie mama, "Tunashuka," aegemee mgongo wa kiti. Teremka, tanguliza mguu mmoja nyuma, kunja magoti, kisha vuta kiti mpaka magurudumu makubwa yote mawili yafike ukingoni pamoja. Likitangulia moja, kiti kinalala upande. Egemeza paja lako kwenye mgongo wa kiti na uyaache yabingirike polepole yakiwa yamegusa ukingo muda wote, yasiruke. Yakishafika chini, kandamiza vishikio kidogo ili magurudumu ya mbele yainuke, endelea kurudi nyuma, na usiyashushe wala kugeuza kiti mpaka miguu ya mama imeuacha ukingo kabisa. Hapo ndipo wengi huharakisha, vidole vikakwaruzwa. Kile kiti kirefu cha magurudumu matatu kinahitaji kuvutwa mbali zaidi, kwa sababu gurudumu lake la mbele liko mbali.

Wapita njia watakuja kusaidia, na wengi hukimbilia kunyanyua kwa vikanyagio au sehemu za kuwekea mikono. Vitu hivyo kwenye viti vingi huchomoka! Waelekeze washike fremu yenyewe, wakiwa upande wa mbele. Ukingo ukiwa mrefu kuliko unavyoweza kuumudu, usijaribu bila mtu wa pili.

Ubao wa kuteremkia nao una hesabu yake. Kipimo kinachotumika sana ni urefu mara 12 ya kimo, kwa hiyo ukingo wa sentimita 15 unadai ubao wa sentimita 180. Vile vipande vifupi mnavyowekewa mlangoni pa duka ni vya mikokoteni ya mizigo. Pana mteremko wa kuingizia magari hapo jirani? Zungukeni, mtumie huo.