Maswali ya pikapu: thamostati iliyotupwa, tairi kubwa na Peugeot ya babu

Wengi walioniandikia maswali safari hii hawana pikapu ya kubebea mzigo wa biashara. Wana ile ya Jumamosi: inafunguliwa boneti asubuhi, inafungwa magharibi, na Jumatatu mwenyewe anapanda mwendokasi kwenda kazini. Nimechagua maswali sita. Mawili yamekula nafasi kubwa, nayo yalistahili.

Shikamoo fundi. Nimeonyeshwa Hilux ya dizeli ya miaka ya 90 huko Kigamboni, rangi inang'aa utadhani imetoka dukani. Niangalie nini kabla sijatoa hela? (Kijana, Tabata)

Marahaba. Anza kuitilia shaka hiyo rangi. Gari la umri huo lililoishi karibu na bahari lina historia ya kutu, na rangi mpya ni njia rahisi ya kuifunika. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa isichubue, uipitishe chini ya milango, juu ya matao ya tairi na kwenye kona za kioo cha mbele. Ikishika, kuna bati. Ikidondoka, umekutana na bodifila, ile lipu ya kuziba mashimo ya bodi.

Kisha lala chini ya gari, vaa shati la kuchafuka. Bodi ya Hilux inabadilishika, milango ya mtumba ipo tele, lakini chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikioza umenunua vyuma chakavu. Igonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele mpaka nyuma huku unasikiliza: chuma kizima kinalia, kilichooza sauti yake ni butu. Kaa zaidi pale chesisi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye vishikio vya springi. Matope yenye chumvi huingia ndani ya boriti yakakaa humo, kutu ikala kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo tundu la ukubwa wa msumari ni habari mbaya kuliko linavyoonekana. Ukikuta chini nzima pamepakwa lami mbichi, muulize muuzaji amepaka lini na kwa nini.

Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika shika boneti. Ikiwa ya moto, ujue ameshalipasha ili usione linavyohangaika kuwaka. Likiwa linanguruma fungua mfuniko wa oili: pumzi ikipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mwisho linganisha namba ya chesisi na kadi kwa macho yako mwenyewe. Usikubali kusomewa.

Fundi, Hilux yangu ina injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L. Ilianza kuchemsha kwenye foleni ya Buguruni. Fundi wa mtaani akatoa thamostati, akaniambia nchi yetu ya joto haihitaji kitu hicho. Wiki mbili ikatulia, sasa inachemsha hata kwenye mlima mdogo wa Kimara. (Mwenye Hilux, Segerea)

Kaka, hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote hapa mjini, na jibu la huyo fundi ndilo ninalolisikia kuliko yote. Thamostati nyingi zimeishia kwenye mitaro ya Dar bila kosa lolote.

Tuone kazi yake kwanza. Injini ikiwa baridi, thamostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta. Maji yanapita njia ya mkato na kuzunguka ndani ya injini tu, ili ipate moto haraka. Ikishapata moto, thamostati inafunguka. Sasa ishike mkononi uitazame vizuri: injini nyingi za Toyota za aina hiyo zina thamostati yenye kisahani cha pili chini, mithili ya mguu. Kisahani cha juu kinapofunguka, huo mguu unashuka na kuziba ile njia ya mkato, maji yote yakalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inarudi kwenye injini ikiwa na moto uleule, haijaiona rejeta. Kwenye tambarare huoni shida. Kwenye mlima, injini inapobeba mzigo, unachemsha. Na asubuhi inachelewa kupata moto, inakula dizeli na kuchakaa kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo rudisha thamostati, lakini ipime kwanza. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na uwashe moto. Nyuzi joto za kufunguka zimepigwa kwenye thamostati yenyewe, mara nyingi 76.5 au 82. Inatakiwa ianze kufunguka maji yakiwa hayajatokota na ifunguke wazi yanapokaribia kutokota. Isipofunguka, nunua nyingine. Si spea ya kumfilisi mtu.

Baada ya hapo ndipo utafute ugonjwa wenyewe, maana gari lako lilikuwa linachemsha hata kabla thamostati haijatolewa. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika barabara mara nyingi tatizo lake ni upepo: feni haivuti, ile kapulingi yake ya mafuta imechoka, au kava linalozunguka feni lilivunjika likatupwa nalo. Linalochemsha ukikimbia au ukipanda mlima, shuku rejeta iliyoziba. Unaijaza maji gani? Kama ni ya kisima, visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inajenga ukoko ndani ya vijia vya rejeta na kuila silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Tumia kulanti, au angalau maji yaliyosafishwa, hasa hapa Pwani.

Kuna kipimo kimoja usikiruke. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa gari, chungulia. Vipovu vikipanda mfululizo bila kukoma, hiyo ni presha ya silinda inavujia kwenye maji: gasketi imeungua au hedi imepasuka. Hapo acha kuendesha, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kupima hedi. Na gari likiwa la moto, mfuniko huo usiuguse. Nimeona mkono ulioungua kwa maji ya rejeta na sina hamu ya kuona mwingine.

Nataka kuinyanyua Hilux yangu 4x4 na kuivalisha tairi pana za porini. Kuna ubaya? (Mpenda safari, Mbezi Beach)

Ubaya upo kama utainyanyua ukaishia hapo. Chungulia nyuma, juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Hilux nyingi za zamani zina kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ndogo iliyofungwa kwenye chesisi. Hiyo vali inapima mzigo. Gari likiwa tupu nyuma imepanda juu, vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisijifunge na gari likakaa upande. Ukipakia saruji, chesisi inashuka, vali inaachia breki zifanye kazi kamili. Sasa wewe umeweka springi ndefu, chesisi imepanda moja kwa moja. Vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa umebeba tani, na breki za mbele zinabeba karibu kazi yote. Vali inabidi ishushwe, au kishikio cha kifimbo kwenye ekseli kirefushwe kwenda juu, kwa kiasi kilekile ulichonyanyua. Wapo mafundi wanaokikata kabisa. Ukimwona anakisogelea na grainda, chukua funguo zako uondoke.

Tazama na hosi za breki kama zinatosha gari linapoachia tairi hewani.

Kuhusu tairi, kama ilikuwa na saizi ya 205R16, kipenyo chake ni milimita 740 hivi. Ukivaa 235/85R16 unafika 806. Spidomita ikisoma 80 wewe uko kama 87, na askari wa tochi hapokei maelezo ya kipenyo. Klachi nayo itahisi. Kwa barabara zetu za mjini na safari ya Bagamoyo au Kisarawe mara moja kwa mwezi, mimi ningebaki na saizi ya kiwanda, nikanunua tairi zenye meno mazuri, na hela iliyobaki nikaweka shokapu mpya.

Nina Land Rover 109. Injini ya petroli ya 2.25 inavuja kila mahali. Watu wananiambia niweke 3L ya Toyota. Unasemaje? (Mzee, Ukonga)

Shikamoo mzee wangu. Inawezekana, na mafundi wa hapa wameifanya miaka mingi. Kazi ngumu ni kuiunganisha injini hiyo na giaboksi. Pleti inayokaa kati ya hivyo viwili isipochongwa kwenye mashine ya leth, ikakaa kando hata milimita moja, shafti ya giaboksi itakula beringi na klachi bila mwisho, nawe utadhani umeuziwa klachi feki. Ukiamua, usifunge injini ya mtumba kabla ya kubadilisha taimingi belti, ule mkanda unaoendesha vali kwa wakati wake. Hujui imetembea kilomita ngapi Japani, na kwenye 3L belti ikikatika vali zinagongana na pistoni.

Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Nenda TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi uulize utaratibu kabla hujang'oa chochote, na risiti ya injini itunze.

Ukiniuliza moyo wangu, ningeijenga upya ile 2.25. Kuvuja si ugonjwa wa kufa, ni sili na gasketi, na injini ile inafunguka kwa spana za kawaida chini ya mwembe. Hela ya kwanza ningeipeleka kwenye chesisi. Bodi ya aluminiamu inawadanganya wengi kwa sababu haishiki kutu, kumbe fremu ya chuma iliyo chini yake inaendelea kuliwa.

Je, nipake oili chafu chini ya gari kuzuia kutu? (Dada mwenye Datsun 1200, Kijitonyama)

Dada, kwenye chuma kitupu inasaidia kidogo. Kwenye bushi za mpira na hosi inaharibu, ikifika kwenye breki ni hatari, na inachafua uwanja wa watu. Osha chini kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni, zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango, kisha puliza nta maalumu ya chesisi. Na hongera kwa Datsun. Zilizobaki nzima hapa mjini zinahesabika.

Babu aliacha Peugeot 404 pikapu. Imekaa chini ya mwembe Bunju miaka mingi. Nimenunua betri mpya, niiwashe? (Mjukuu, Bunju)

Hiyo betri peleka kwa gari lingine kwanza. Ukipiga stata kwenye injini iliyolala miaka, ringi zilizoshikana na kutu zitakwangua silinda.

Kabla ya yote fungua milango, inua kiti, piga piga kwa fimbo. Chini ya kiti cha gari la namna hiyo huwa kuna panya, na palipo na panya nyoka hayuko mbali.

Toa plagi zote nne. Mimina ndani ya kila silinda vijiko viwili vitatu vya oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kidogo, uache siku kadhaa. Halafu tia spana kwenye nati ya puli ya krenki, uzungushe kwa mkono taratibu, nyuma na mbele. Ikigoma, ongeza oili, subiri tena. Usiongeze bomba kwenye spana kutafuta nguvu. Injini hiyo ina slivu, yaani mirija ambamo pistoni hutembea, zinazozungukwa na maji, na sili zake za chini zikiwa zimekufa, maji yatakuwa yameshuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, usiwashe mpaka imefunguliwa.

Ikizunguka vizuri, badilisha oili na filta. Tangi lifunge kabisa, petroli ya humo imeshageuka gundi. Lisha kabureta kutoka kidumu kidogo cha petroli mpya, ukiwa umeisafisha. Fyuzi na waya zitazame moja moja, panya wanapenda kuzitafuna.

Ikiwaka utataka kuizungusha mtaani, na majirani watakushangilia. Usifanye hivyo. Hosi za breki za miaka hiyo zinaoza ndani huku nje zikionekana nzima, na mipira ya silinda za kwenye tairi itakuwa imekauka. Fungua ngoma zote nne, badilisha mipira, hosi na mafuta ya breki. Kisha jaribu palepale uani, gari likiwa halijavuka geti.